Milango Yenye Kitambaa Chekundu

Jumapili, 5 Januari

Leo nimefanywa katibu wa Kikosi cha Ndoo kwa sababu nilichelewa kufika mkutanoni. Waliofika mapema walikuwa wameshakataa mmoja mmoja, na nilipoingia tu nikakuta wote wananitazama kwa upendo. Hapo ningetambua kuna mtego.

Mwenyekiti wetu ni Wekulo. Kazi yake ni kuchomelea milango ya chuma, lakini mtaa wetu wote wa Reuben unamwita Kamanda, na jina hilo amelipenda kuliko alilopewa na mamake. Alisema kikosi kinatimiza miaka ishirini mwaka huu na historia yake yote iko midomoni mwa watu.

"Fundi, wewe ndio unajua kalamu. Andika."

Mimi ni fundi wa nguo. Kalamu yangu inajua kiuno na mabega. Hata hivyo nimekubali, na nitaandika nitakavyo, siku kwa siku. Historia ikipata nafasi itajiingiza yenyewe.

Jumatatu, 6 Januari

Kwa atakayesoma na hajui kwetu: hapa Mukuru kwa Reuben nyumba ni za mabati na zimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinua sauti. Gari la zimamoto likija hukwama kule barabarani, halina pa kupitia. Kwa hivyo moto tunauzima wenyewe. Tuna pampu tuliyopewa na kanisa, mipira ya maji, ndoo, kulabu ndefu za kuangushia mabati, na mtaimbo wa Kamanda. Filimbi anayo Muhonja, mama wa makamo anayeuza chai. Akiipuliza, kila mwanakikosi anaacha anachofanya na kukimbia.

Kamanda ana sheria moja tu na haina mjadala. Moto ukitokea, hata kabla ya maji, kila mlango wenye kufuli kwa nje unavunjwa. Kila mlango. Nilipojiunga nilimwona mkaidi anayependa sauti ya mtaimbo, na bado namwona hivyo.

Jumanne, 14 Januari

Joto. Mifereji imekauka. Nimeshona sketi za shule mpaka macho yanawasha.

Ijumaa, 17 Januari

Moto, alasiri. Nyaya za stima za kuunganisha kienyeji ziligusana juu ya paa. Tuliuzima kabla haujala zaidi ya chumba kimoja, lakini Kamanda alikuwa ameshavunja makufuli ya safu yetu yote, na ndani hamkuwa na mtu hata mmoja. Sisi tukimwaga maji, wengine walikuwa wakibeba. Mitungi ya gesi imeenda. Televisheni ya Sylvance, yule kijana muuza simu, imeenda. Alisimama katikati ya njia akatutukana mpaka sauti ikamkauka.

"Nyinyi si wazimamoto! Nyinyi ni wezi wenye filimbi!"

Ningemjibu vizuri sana, ila mlango wangu nao ulikuwa umevunjwa na mkasi wangu mzuri haupo.

Jumapili, 26 Januari

Mkutano ulijaa hadi nje. Watu wanasema kikosi kiache kuvunja milango, la sivyo kivunjwe chenyewe.

Sote tunajua kwa nini Kamanda anavunja. Akina mama wanaotoka alfajiri kwenda kibarua viwandani huwafungia watoto wadogo ndani, na kikombe cha uji na ndoo ya kujisaidia. Hakuna anayelisema, lakini sote tunalijua. Basi nikasimama, nikatoa wazo lililokuwa limenijia nikishona. Penye mtoto ndani, mama afunge kitambaa chekundu kwenye kufuli. Kikosi kivunje milango yenye kitambaa, ile mingine kiiache. Vitambaa nitashona mwenyewe kutokana na vipande vinavyobaki.

Walipiga makofi! Hata Sylvance alipiga. Kamanda peke yake ndiye aliyetikisa kichwa. "Mlango umefungwa, huwezi jua una nini," alisema, akatazama chini, na sababu hakutoa. Tukapiga kura, akashindwa vibaya. Muhonja alikuwa akitugawia chai, akaweka birika chini na kutoka kabla mkutano haujaisha.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Mume wangu Kyalo ameniita mheshimiwa jioni nzima.

Jumatano, 29 Januari

Sijui niandikeje. Nilikwenda kibandani kwa Kamanda kuuliza kikosi kilianzaje, maana historia lazima iwe na mwanzo. Alizima mashine ya kuchomelea, akavua miwani.

"Hatukuwa na kikosi wakati huo. Moto ulikuja, tukawa tunapita tukiangalia makufuli. Penye kufuli tunasema hapa hakuna mtu, twende mbele. Sote tulipita. Asubuhi tukaondoa mabati ya nyumba moja." Alifuta miwani kwa shati. "Msichana. Alikuwa ndio anaanza kuongea."

"Wa nani?"

"Wa Muhonja."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi la chuma. Muhonja! Nimekunywa chai yake miaka mingapi? Nimemtania kuhusu filimbi yake mara ngapi? Kamanda akasema kesho yake walikutana wanaume wachache na mama huyo mmoja, na hicho ndicho kilikuwa kikosi. Filimbi aliinunua mwenyewe.

Nilimkaripia. Kwa nini hakusema mkutanoni?

"Nimtaje mtoto wake mbele ya watu, na yeye ameshika birika? Fundi, kuna vitu havipigiwi kura."

Nikasema basi tuirudishe ile sheria. Akasema watu wameshakataa, na wakikasirika hawatatoka kusaidia, na bila watu mtaimbo haufai kitu. "Labda kitambaa kitafanya kazi. Shona vingi."

Nimeshona mpaka sasa hivi. Mtu huyu niliyemwita mkaidi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimegawa vitambaa. Wa kwanza kuja alikuwa Khavere, jirani yangu wa mlango wa mwisho, anayefanya kibarua kwenye kiwanda cha plastiki. Aliingia akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Mutheu, nipe kimoja. Lakini usiniulize mbele ya watu."

"Si ulisema Ryan yuko kwa nyanyake Vihiga?"

"Nimewaambia watu hivyo. Nilimrudisha usiku, mwisho wa mwezi uliopita. Kuna mama alishikwa na polisi juu ya kufungia mtoto ndani. Mimi wakinishika, Ryan atabaki na nani?"

Ryan ana miaka mitatu. Ina maana tangu hapo yuko humo ndani, ukuta mmoja tu wa mabati kutoka mashine yangu, na sijamsikia hata siku moja. Nilimpa kitambaa kirefu kuliko vyote. Siri yake nimeiweka.

Ijumaa, 14 Februari

Joto. Wamekuja wengine kuchukua vitambaa. Kumbe watoto ni wengi kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 19 Februari

Wamekuja wengine tena. Vyekundu vimeniishia, nimekata pazia la zamani. Nikipita njiani naona kazi yangu kila upande, na siwezi kusema sijivuni.

Jumanne, 25 Februari

Nimeona kitambaa kwa Sylvance. Sylvance hana mtoto, hana mke, hana hata paka! Nikamsubiri.

"Sylvance, umezaa lini?"

"Aah, Fundi, tulia. Si mnaanza na zenye red? Mimi niko na woofer mpya ndani, spika kubwa, na mkifungua mapema itatolewa kabla iungue. Unataka nipigwe hasara mara mbili?"

"Na mtoto wa mtu?"

"Kwani ni mimi peke yangu? Angalia hii laini yote ya nyumba."

Nikaangalia. Nikaangalia kwa macho, si kwa kujivuna kama siku zote. Wazee wanaoishi peke yao. Maingi wa kikosi chetu, anayefuga kuku chumbani, na anajua vizuri kitambaa ni cha nini. Duka lililofungwa tangu mwaka jana. Kila kufuli lilikuwa na chekundu. Niling'oa cha Sylvance kwa meno, nikamtupia miguuni, watu wakacheka.

Alhamisi, 27 Februari

Nimemwambia Kamanda. Nilitarajia aseme nilikuambia. Hakusema. Ameniambia tuitishe mkutano Jumapili tuvitoe vyote turudi kwa mtaimbo.

Jumapili, 2 Machi

Hakuna mkutano. Kamanda amesafiri Bungoma kwa mazishi ya shemeji yake. Tumesogeza hadi Jumapili ijayo. Joto halivumiliki, mbwa wamelala mitaroni.

Jumamosi, 8 Machi

Moto ulikuja juzi, Alhamisi, mchana.

Mimi nilikuwa mtaa wa Tena, nimepeleka sare za kwaya. Maingi akanipigia simu na sikusikia neno, nilisikia filimbi tu nyuma yake. Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu. Kutoka barabarani niliuona moshi, mweusi, umesimama juu ya safu yetu.

Kamanda alikuwa amerudi siku iliyotangulia, namshukuru Mungu. Nilimkuta na mtaimbo, shati limemshika mgongoni. Milango ilikuwa imevunjwa hapa na pale, na njiani kulikuwa na vitu: woofer ya Sylvance, magodoro, kuku wa Maingi ndani ya kreti wakipiga makelele. Na mashine yangu ya kushonea. Mashine yangu, nzima, na gauni la watu limekunjwa juu yake. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Moto uko pale na moyo wangu ulisema asante, mashine imepona.

Muhonja alikuwa akienda mlango kwa mlango akigonga mabati kwa mwiko wake wa chai. "Hodi! Kuna mtu? Kuna mtoto?" Anaweka sikio, anaenda mwingine. Hakuna aliyejibu popote.

Nikauliza, "Ryan yuko wapi?"

Kamanda akanigeukia. "Ryan gani?"

"Wa Khavere!"

"Ryan si yuko Vihiga?"

Nilinyoosha mkono tu kwenye mlango wa mwisho, na moto ulikuwa umeshapanda juu ya paa lake. Kwenye kufuli kulikuwa na kile kitambaa kirefu, kinaungua. Nilimwona Kamanda anakitazama. Nilimwona uso wake, na sitausahau.

Muhonja alikuwa ameshaugonga mlango huo. Alikuwa ameweka sikio lake pale, akasikia kimya, akaendelea. Alipotusikia alianza kupiga yowe, na halikuwa yowe la siku hiyo, lilikuwa la miaka ishirini.

Mlangoni hapakuingilika. Kamanda alizunguka nyuma, akatia mtaimbo kwenye maungio ya mabati, Maingi akavuta kwa kulabu, mimi nikawamwagia maji wote wawili. Bati liliachia. Moshi ukatoka kama umesukumwa. Kamanda akaingia kwa tumbo, tukaona soli za viatu vyake tu, tukangoja. Kisha zile soli zikaanza kurudi nyuma.

Ryan alikuwa chini ya kitanda. Hakulia. Alikuwa na macho wazi na miguu yake ilikuwa imeungua kutoka magotini kushuka. Muhonja alimnyang'anya Kamanda yule mtoto mikononi akakimbia naye hadi barabarani, na mama huyo ana goti bovu. Hakuna aliyeweza kumfikia.

Yuko hospitali. Anapumua. Wanasema moshi ulikuwa mwingi.

Jumapili, 9 Machi

Mkutano tuliousogeza umefanyika juu ya majivu. Hakuna aliyezungumza kuhusu vitambaa. Watu walikuwa wamevifungua wenyewe, kimya kimya, kila mtu chake.

Baadaye nilimshukuru Kamanda kwa kunitolea mashine. Nilidhani Kyalo ndiye aliyeitoa, lakini siku hiyo Kyalo alikuwa kazini na lori, Athi River.

"Si ni sisi tulivunja kwako," akasema. "Ulikuwa wa kwanza."

"Kwangu? Kwa nini kwangu? Wanangu, Mutheu na wenzake, wako shuleni Kibwezi."

"Kulikuwa na kitambaa."

Nikamwambia sikufunga. Nikaapa. Akanitazama kwa muda, kisha akaongea polepole, kama anayemshusha mtu ngazi.

"Fundi, nilifika nikakuta milango yote ni myekundu. Yote. Nikajiuliza nani hapa hawezi kudanganya? Nikasema aliyeshona kitambaa hawezi kudanganya na kitambaa chake. Pengine ameachiwa mtoto na mtu. Kufuli lako ni gumu, lilitusumbua. Tukatafuta mpaka chini ya meza. Cha Khavere nilikiona mapema, nikasema huyu anadanganya, mtoto wake yuko Vihiga."

Nimerudi nyumbani, ambako moto ulilamba ukuta tu, nikamuuliza Kyalo, naye hata hakujificha.

"Nilifunga asubuhi ulipoenda Tena. Nilitoa kwa kikapu chako. Wote wamefunga, sisi tu ndio wajinga? Ile mashine ndiyo inasomesha watoto, Mwelu. Na si imepona?"

Nilimtazama mume wangu. Si mtu mbaya. Nimeolewa naye na najua si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha. Alifunga kwa kunipenda. Nilimwambia alale peke yake, nami nimekaa hapa mezani, na mashine iko mbele yangu, na sitaki kuigusa.

Ijumaa, 14 Machi

Sijashona wiki nzima. Mawingu yanakuja yanaondoka.

Jumatano, 19 Machi

Ryan ametolewa hospitali, miguu yote bandeji. Chumba chao kiliteketea, kwa hivyo wanakaa kwa Muhonja. Nilikwenda. Khavere alikuwa anafua, akainuka kunikumbatia na mikono yenye povu.

"Mama Mutheu, Mungu akubariki. Ni wewe uliwaambia. Wangekuwa hawajui mpaka leo."

Ningeweza kuondoka na baraka hizo. Muhonja alikuwa pale akinitazama juu ya sufuria, na sijui kama alijua. Nikasema yote. Nikasema mlango wa kwanza kuvunjwa ulikuwa wangu, na ndani kulikuwa na mashine, na aliyefunga ni mume wangu, na muda walioupoteza kwangu ndio miguu ya Ryan.

Khavere alirudi kwenye karai. Alifua shati moja kwa muda mrefu sana. Angenitukana ningeshukuru.

"Kiwandani wamesema nisiporudi Jumatatu nafasi inaenda," akasema bila kuinua kichwa. "Utakaa naye. Kila siku, mpaka aanze shule."

"Nitakaa naye."

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema utakaa naye."

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imefika, ya kwanza, kubwa. Khavere alimleta kabla hakujapambazuka vizuri, akamweka kitandani kwangu, akaacha uji, hakuniaga. Kyalo alipoamka akamkuta, akasimama akizitazama zile bandeji. Alivaa akatoka bila chai.

Ryan ni mtoto mtulivu kupita kiasi. Nilimpa vifungo vya rangi achezee, akavipanga sakafuni bila kuvigonganisha. Nikaanza kushona, mara ya kwanza tangu siku ile. Mlango nilikuwa nimeurudisha kwa sababu mvua ilikuwa inaingia.

Kisha mteja akaja, mama wa kwaya kutoka Tena. Akagonga mabati.

"Hodi! Kuna mtu?"

Nilipogeuka kumwambia Ryan tuna mgeni, hakuwepo. Vifungo vilikuwa pale. Nilitafuta nyuma ya pazia, nyuma ya mtungi wa maji. Nikainama. Alikuwa chini ya kitanda, kwenye kona ya mwisho kabisa, na ile miguu yake sijui aliiburuta vipi. Alikuwa ameweka kidole mdomoni.

"Ryan, toka baba. Ni mgeni tu."

"Nyamaza," aliniambia kwa kunong'ona. "Mama alisema wakibisha ninyamaze."

Muhonja aligonga. Muhonja aliweka sikio lake kwenye bati lile na kuuliza kuna mtoto, na mtoto alikuwa humo ndani, anamsikia, moto uko juu yake, na ametii.

Mteja aligonga tena, akalalamika juu ya mvua, akaenda zake. Nilimbembeleza Ryan, nikamwonyesha mandazi, hakutoka. Basi nililala kifudifudi nikaingia huko chini pamoja naye. Kichwa kiliingia, mabega yakaingia kwa shida. Mvua ilipiga paa, naye akashika kidole changu.

Huko ndiko Khavere alikotukuta jioni. Niliona viatu vyake vyenye matope vikiingia, vikasimama. Akaita jina la mtoto wake mara moja, halafu mara ya pili. Akatazama kitanda. Alipiga magoti, akainama hadi shavu lake likagusa sakafu, akatuona sote wawili. Hakunitazama mimi.

"Ryan," akasema. "Nilikukosea. Ukisikia mtu anabisha, piga kelele. Sikia? Piga kelele sana."

Ryan alimwangalia mamake. Akaniangalia mimi, kama anayetaka kuhakikisha. Kisha akafungua mdomo, na kilio kilichotoka kilikuwa cha siku nyingi. Alilia mpaka majirani wakaja.